Gemu Haina Mama

Mwandishi wa televisheni alitaka jambo dogo tu: mtoto akae mkekani, ashike simu, acheze kama anavyocheza siku zote. Uso hautaonekana, alisema, utafifishwa. Imas akalifungua kabati alimoifungia ile simu, akampa mwanawe. Galih alikuwa na miaka kumi na minne, sauti imekwisha kuwa nzito lakini bado hapendi kulala gizani, na aliishika simu kwa ncha za vidole kana kwamba amepewa panya. Gemu ikafunguka, bunduki zikaanza kulia. Mpiga picha akasogeza kamera mpaka karibu igonge vidole vya mtoto.

"Mama, na wewe kaa hapo nyuma yake," alisema mwandishi, binti mpole aitwaye Vira. "Mwangalie tu. Kwa huzuni kidogo."

Imas akakaa. Huzuni hakuwa na haja ya kufundishwa. Tangu juzi alikuwa hali futari ikashuka, hana usingizi, na akikumbuka kwamba simu ile aliinunua yeye mwenyewe, kwa akiba ya biashara yake ya futari, alitamani ardhi ipasuke immeze. Tatizo lake lilikuwa mikono. Hakujua aiweke wapi, na hakuna aliyemwambia.

Nje, mumewe Yayat alikuwa amekwisha kuhojiwa. Imas alimsikia kupitia dirishani akisema kwamba alimkataza mtoto gemu mara nyingi, hasikii, na kwamba sisi wazazi wa siku hizi tujilaumu wenyewe. Alisema vizuri, taratibu, kama mtu anayesoma. Imas alijisikia nafuu kidogo kwamba angalau mmoja wao anaweza kuongea.

Yaliyotokea, kama mtaa mzima wa Pasirkaso ulivyoyasimulia, ni haya. Jioni moja ya kumi la mwisho la Ramadhani, watu wakingoja adhana, mlipuko ulitokea kwenye ukingo wa mashamba ya mpunga. Opik, mtoto wa jirani yao Nining, mtoto wa miaka tisa, aliungua uso na macho. Mtu mmoja alikuwa amewahi kupiga picha za video, na ndani yake anaonekana Galih anakimbia na Opik begani, viganja na shati vina uchafu mweupe na masizi. Basi. Kabla ya tarawehe video ilikuwa imefika mjini, na asubuhi yake ikawa na kichwa cha habari: mtoto mraibu wa gemu ajaribu kutengeneza bomu.

Galih alipoulizwa na polisi kama alijifunza kwenye gemu, alinyamaza. Alipoulizwa mara ya pili, alinyamaza tena. Na mtoto akinyamaza mbele ya polisi, watu wazima humjazia maneno wenyewe.

Kipindi kilirushwa muda mfupi kabla ya magharibi, saa ile ambayo kila nyumba imewasha televisheni kungoja adhana. Mtaalamu mwenye tai alieleza namna ubongo wa mtoto unavyozoea kuua. Akaja Yayat, tujilaumu wenyewe. Akaja Imas na mikono yake isiyo na pa kwenda. Kisha likaja tangazo la sharubati nyekundu, familia nzima inacheka mezani.

Kesho yake Imas alipanga vikombe vyake vya kolak mbele ya nyumba kama kawaida, ndizi na viazi vitamu vilivyopikwa kwa tui na sukari guru, na bala-bala, vitafunio vya unga na mboga vya kukaanga, zikiwa bado zinachuruzika mafuta. Siku nyingine vingekuwa vimekwisha kabla jua halijateremka. Siku hiyo wanawake walipita upande wa pili wa njia. Mmoja, ambaye mwaka jana alikopa sukari asiirudishe mpaka leo, alisimama akamwambia kwa upole wa kuchoma kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Imas alijibu kweli dada, ni kweli. Jioni aligawa kolak msikitini, na hata huko vikombe vingine vilirudi vimejaa.

Kwenye kundi la wasapu la wazazi walikuwa wanabishana. Wa huku wanasema gemu zipigwe marufuku, wa kule wanasema gemu haina kosa, kosa ni la mama anayempa mtoto simu ili apate kukaanga vitu vyake kwa raha. Aliyeandika hilo alijua vizuri kwamba Imas yumo humo kundini. Mkuu wa shule naye alimwita ofisini, akasema kwa heshima zote kwamba baada ya Idi kutakuwa na kikao, na kwa hali ilivyo Galih atapelekwa kwenye kituo cha kurekebisha watoto, mbali huko, mwaka mzima au zaidi. Mpaka hapo asije shuleni, wenzake wanaogopa.

"Wanaogopa nini?" Imas aliuliza. "Huyu anaogopa giza."

Mkuu wa shule alisema anaelewa uchungu wa mzazi. Akamsindikiza mpaka mlangoni.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa Nining. Walizaa mwaka mmoja watoto wao wakubwa, wakanyonyesheana, wakaazimana vyungu. Imas alipokwenda hospitali na kibakuli cha uji, Nining alitoka mpaka ujiani, akakipokea, akakiweka sakafuni kando ya ukuta kama kitu cha paka. Akasema Opik kafungwa macho yote mawili, na daktari atayafungua mkesha wa Idi, na kama hayaoni, Imas asimkanyagie tena kizingiti chake. Imas aliondoka bila kibakuli.

*

Nguo za siku ile ya mlipuko alikuwa hajazigusa. Zilikaa kwenye beseni nyuma ya nyumba, na alizipita kila siku kama mtu anayempita mdai wake. Lakini Idi ilikuwa inakuja, na nguo chafu hazivuki Idi, basi akachukua sabuni akachuchumaa.

Shati la Galih lilikuwa na ukoko mweupe, ule uchafu kama chokaa unaobaki kabidi, lile jiwe la gesi ya kuchomelea, ikiingia maji. Ulikuwa begani tu, bega la kulia, na kidogo mgongoni, pale ambapo uso wa mtoto unalala ukimbeba. Kifuani hapakuwa na kitu. Mikono ya shati safi mpaka kwenye vifundo. Imas akaligeuza, akalitazama ndani na nje. Yeye ni mke wa fundi wa kuchomelea vyuma, miaka kumi na sita anafua nguo zenye matundu ya cheche, na anajua moto unamwandika wapi mtu aliyesimama mbele yake. Aliyewasha kile kitu hakulivaa shati hili.

Akavuta shati la chini yake. La Yayat. Kifua kizima kilikuwa cheupe, na ukosi umekauka kwa kuungua.

Hapo ndipo alipoyakumbuka masharubu.

Yayat alikuwa na masharubu tangu siku ya harusi. Mama mkwe aliyasema, watoto waliyavuta, Imas mwenyewe alishamwomba ayanyoe akakataa katakata. Jioni ile ya mlipuko, mtaa mzima ukipiga kelele, alikuwa ameingia bafuni na kutoka na mdomo mtupu. Akasema Idi inakaribia, kila mtu atakuwa mpya. Na Imas, kichwa kikiwa kwa Galih, alikuwa amesema umependeza.

Masikini mimi, alijisemea, nilimwambia amependeza.

Mambo mengine yakaja yenyewe, yakipangana kama watu wanaojua foleni. Kila Ramadhani, wanaume wa Pasirkaso hukata mianzi minene, hutoboa vifundo vyake vya ndani, huifunga kwa mipira ya magurudumu ya baiskeli, na kufanya mizinga. Unatia jiwe la kabidi na maji, unangoja hewa ijae, unagusisha moto kwenye tundu, na mshindo unavuka mashamba mpaka mtaa wa ng'ambo, nao wanajibu. Faida yake ni mshindo tu, lakini jaribu kuwanyima. Mwaka huu polisi walikataza. Wanaume wakasema ndiyo bwana afande, na balozi wa mtaa, mzee Engkos, akachanga mianzi kama kawaida. Na kabidi ya mtaa mzima inatoka wapi, kama si kwenye karakana ya Yayat?

Kwa hiyo wote walijua. Balozi alijua, waliokuwa pale ukingoni walijua, na mwandishi alipouliza kama huyo mtoto anacheza gemu, balozi akasema eeh, tena zile za vita, usiku na mchana. Hapo hakusema uongo. Alitoa ukweli mdogo ukafunika ule mkubwa, na mianzi iliyobaki ikapasuliwa kuni siku hiyo hiyo.

Hakulifua shati. Alilikausha kivulini, akalikunja, akalitia kwenye mfuko wa plastiki.

*

Yayat alikuwa karakanani, amekaa mbele ya geti la mtu ambalo hajaligusa. Alipouona mfuko mkononi mwa mkewe hakuuliza una nini.

"Ulichungulia kwenye mzinga?" Imas aliuliza.

Yayat akasimulia akitazama chini. Mzinga ulikataa kulia mara ya kwanza. Ukikataa, unaupuliza hewa itoke, unangoja. Yeye anajua, kila mtu anajua, lakini ng'ambo walikuwa wamelipua mara mbili na wenzake wanamcheka, fundi mzima mzinga wake una mafua. Akainama akawasha tena. Hakumwona Opik aliyekuja upande wa pili kutazama. Galih alikuwa amekaa juu ya tuta na simu yake, anacheza gemu yake, na ndiye wa kwanza kufika. Alimwagia Opik usoni ndoo nzima ya maji, na nyingine, na nyingine, halafu akambeba akakimbia.

"Na wewe?"

"Mimi nilikimbia huku."

"Ukanyoa."

"Nikanyoa. Yalikuwa yameungua." Akajipangusa mdomo. "Wangenifunga, Mama Galih. Walikataza, na kabidi yangu. Yeye ni mtoto, hawamfungi. Nilimwambia anyamaze siku mbili tatu, yatapoa. Sikujua watu wa televisheni watakuja. Walipokuja wakaanza wenyewe mambo ya gemu, nikasema afadhali. Gemu kila mtu anaichukia. Acha ibebe. Gemu haina mama wa kuililia."

"Gemu haina mama," alisema Imas. "Galih anaye."

Hakupiga kelele. Alimwambia kwamba kesho kutwa ni Idi, na baada ya swala mtoto atakuja kumpigia magoti, kama watoto wote wanavyowapigia wazazi wao magoti siku hiyo, aishike mikono ya baba yake na kumwomba radhi ya mwaka mzima. "Ukiona unaweza kuipokea radhi ile, ipokee. Ukiipokea, nitakayeongea ni mimi, na hili shati."

Galih alikuwa mlangoni mwa jikoni Imas aliporudi. Alikuwa ameona beseni tupu.

"Mama, usimsemeshe Baba," alisema. "Karakana itafungwa."

Imas akamvuta, akamkumbatia kwa nguvu hata mtoto akalalamika mbavu. Siku zote hizi alikuwa amemtazama huyu mtoto na kujiuliza ni nani huyu niliyemzaa. Aibu aliyoisikia hapo ilikuwa kubwa kuliko ile ya televisheni, na furaha nayo ilikuwa kubwa kuliko aibu.

*

Mkesha wa Idi, takbira zikianza kusikika msikitini, Nining alipita mbele ya nyumba kamshika Opik mkono. Jicho moja bado lina bandeji, jingine jekundu kama limekula pilipili, lakini lilikuwa wazi, na lilikuwa linatazama. Opik alimwona Imas akasema shikamoo, na bala-bala zimebaki?

Nining hakusimama, ila alipunguza mwendo. Alisema, bila kumtazama Imas, kwamba daktari amesema yote mawili yatapona. Amesema chokaa ile ingeyala macho, kilichoyaokoa ni maji mengi papo hapo, na akataka kujua ni nani aliyemfundisha aliyeyamwaga. Imas alijua. Yayat alikuwa amemwambia Galih tangu mdogo, kabidi ikikuingia jicho, maji, maji, usiulize mtu. Alirudi ndani akakaa sakafuni akalia mpaka akapata kwikwi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akala akashiba.

*

Vira alirudi na kamera asubuhi ya Idi. Balozi Engkos ndiye aliyempangia: mtoto ataomba radhi kwa wazazi wake, kisha kwa mama wa mwathirika, na habari itafungwa vizuri, kwa msamaha, kama inavyopendeza siku kama hiyo. Watu wa mtaa walijaa uani na nguo zao mpya. Nining alikuja kwa sababu kumkatalia mtu radhi siku ya Idi ni dhambi, akasimama mbali, kamkumbatia Opik kwa mbele.

Yayat aliwekwa kwenye kiti cha mwanzi. Kofia mpya, sarong mpya kiunoni kama kikoi, mdomo mtupu. Imas alisimama nyuma ya kiti, na mfuko wa plastiki mkononi. Mara hii mikono yake ilijua pa kukaa.

Galih akaja, akapiga magoti, akaishika mikono ya baba yake akainamisha paji la uso juu ya magoti yake. Kamera ikasogea.

"Baba," alisema, "niwie radhi kwa makosa yangu yote, ya dhahiri na ya siri."

Baba mtu hapo hujibu. Huweka mkono juu ya kichwa cha mwanawe, husema nimekuwia radhi, na mimi uniwie radhi, watu wanafuta machozi, keki za nanasi zinapitishwa. Yayat aliinua mkono. Ulifika nusu ya njia ukakwama pale pale. Imas alianza kuufungua mfuko.

Yayat akateremka kwenye kiti. Hakuinuka, aliteleza tu kama gunia, mpaka na yeye akawa amepiga magoti pale chini, baba na mtoto wametazamana, na kofia imemwendea upande. Akaishika mikono ya Galih, akaiweka juu ya paji lake mwenyewe. Watu wakashtuka. Mzazi hampigii mtoto magoti, haijapata kuonekana Pasirkaso.

"Mzinga niliuwasha mimi," alisema. Alisema polepole, lakini hata wa nyuma kabisa walimsikia. "Kabidi yangu, moto wangu. Huyu alikuwa kakaa na gemu yake, akaiacha, akamwokoa mtoto wa watu. Nami nikakimbia kunyoa. Niwie radhi, mwanangu. Mama Opik, niwie radhi."

Mpiga picha alimtazama Vira kama kuuliza aendelee au asiendelee. Balozi Engkos alianza kusema kwamba huenda mwenzetu ana uchungu, tumwache apumzike, lakini kutoka nyuma fundi cherehani mmoja akasema, "Mzee, mianzi ulichanga wewe. Mimi niliifunga mipira." Mwingine akasema alikuwapo. Mwingine akasema yeye ndiye aliyecheka mafua ya mzinga. Wakawa wanasema mmoja mmoja, macho chini, na balozi alipoona hakuna wa kumwegemea akavua kofia akasema naam, naam, hata mimi.

Nining alimwacha Opik akaja mpaka mbele ya Yayat. Kila mtu alidhani atampiga.

"Ungeniambia siku ile ile ningekutia kofi," alisema. "Sasa hata kofi nakuonea haya kukupa." Akampita. Akamshika Galih kichwa kwa mikono miwili, akambusu utosini, akabaki hapo. Kisha akamgeukia Imas. "Kibakuli chako kipo kwangu. Nimekiosha."

Imas alicheka na kulia kwa wakati mmoja, na mfuko wa plastiki ukamwanguka.

*

Habari ya jioni ilikuwa ya misongamano ya magari ya watu wanaorudi makwao kwa Idi. Vira aliandika ujumbe baadaye, akasema samahani sana, wakubwa zake wamesema mizinga ya mianzi ni habari ya kila mwaka, haina jipya. Mtaalamu mwenye tai hakurudi kusema lolote kuhusu ubongo wa wanaume wazima wanaoshindana na mtaa wa ng'ambo. Lakini mkuu wa shule alipata habari kwa wasapu kama watu wote, na kikao kikafutwa. Wanaume wa mtaa walikwenda polisi kwa pamoja, balozi mbele, wakakaripiwa kama watoto wa chekechea mpaka wakatoka jasho. Yayat alilala ndani siku chache, kabidi yote ikachukuliwa, na Nining alitia sahihi ya kumsamehe kwa sharti kwamba atalipia matibabu ya Opik mpaka mwisho. Karakana ilifunguliwa tena, ya umeme tu. Masharubu yakaanza kuota, yana mvi zaidi kuliko yale ya kwanza. Imas hakusema yanampendeza. Yayat hakuuliza.

Yule dada wa samaki mbichi alikuja kununua bala-bala, akanunua nyingi kuliko anavyoweza kula. Imas akamwongezea moja, akamkumbusha na sukari.

Simu aliitoa kabatini, akaweka masharti. Hakuwa amebadili mawazo kiasi hicho. Mtoto anayekesha na bunduki za bandia akasinzia darasani bado ana mama, na mama ana mwiko. Nusu saa, baada ya kazi za shule, na mlango wazi.

Alasiri moja alikuwa anakaanga, akasikia milio ya risasi sebuleni, na sauti ya Opik, aliyekuwa amekwisha kutolewa bandeji zote, inashangilia. Kisha sauti nzito ya mwanawe ikaita.

"Mama, Opik kaniua tena! Mara ya tatu hii!"

Imas alisimama na mwiko wake unachuruzika. Ina maana anaona mpaka vile vitu vidogo vinavyokimbia kwenye kioo, alijisemea, tena kuliko Galih.

"Na akuue," aliitikia. "Mna dakika kumi zimebaki." Akageuza bala-bala, na aliposikia wanagombana zamu ya nani, akawaongezea tano.